Uhaba wa Makaa na Ustadi wa Mvuke: Injini za Cornwall katika Karne ya 19

Injini ya mvuke ni mtambo ugeuzao joto kuwa kazi. Wanafunzi wengi huikumbuka kwa garimoshi, yaani injini inayojivuta yenyewe juu ya reli. Lakini kabla ya garimoshi, na kwa muda mrefu sambamba nalo, ilikuwako injini nyingine iliyokuwa kubwa zaidi na ambayo haikwenda popote. Injini hiyo ilijengwa juu ya msingi wa mawe, ndani ya jumba lake maalumu, ikafanya kazi hapo hapo kwa miaka mingi: kuvuta maji migodini, kuzungusha mitambo ya viwanda vya nguo, na kupuliza hewa katika matanuri ya kuyeyushia chuma.

Historia ya injini hizo ina jambo moja la kushangaza. Mahali palipokuwa na makaa ya mawe tele, injini haikuboreshwa upesi. Huko Elsecar, katika eneo la migodi ya makaa la Yorkshire nchini Uingereza, injini ya muundo wa kale iliyojengwa mwaka 1795 iliendelea kutumika hadi mwaka 1923, ingawa ilikula makaa kwa pupa. Kwa nini ibadilishwe, hali makaa yalikuwa mlangoni? Injini iliyotumia makaa kwa uangalifu mkubwa zaidi katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 ilitoka Cornwall, jimbo la kusini-magharibi mwa Uingereza, lenye bati na shaba nyingi lakini lisilo na makaa. Kila pakacha la makaa lililochomwa huko lililetwa kwa jahazi kutoka Wales. Uhaba huo ndio uliowalazimisha mafundi wa Cornwall kuuliza swali ambalo ni msingi wa elimu yote ya injini: joto linapotea wapi?

Kazi ya hewa na ombwe

Injini ya kwanza iliyofaulu kuvuta maji mgodini ilijengwa na Thomas Newcomen mwaka 1712. Ndani yake mvuke haukusukuma kitu. Mvuke wenye kanieneo sawa na ya hewa uliingizwa katika silinda chini ya pistoni, kisha maji baridi yakarushwa ndani ya silinda hiyo. Mvuke ukageuka maji, na kwa kuwa maji huchukua nafasi ndogo mno kuliko mvuke wake, palibaki ombwe. Hapo hewa ya nje ikaisukuma pistoni chini, na pistoni ikavuta ncha moja ya boriti kubwa iliyoegemea ukuta kama mzani. Ncha ya pili ikanyanyua pampu.

Kasoro ya injini hiyo ni rahisi kuiona. Silinda ilipozwa kwa maji baridi katika kila pigo, kisha ikalazimu kupashwa joto upya kwa mvuke wa pigo linalofuata. Sehemu kubwa ya mvuke iliishia kupasha chuma. James Watt alipata hataza ya dawa ya kasoro hiyo mwaka 1769: mvuke utolewe katika silinda na kupozwa katika chombo cha pembeni, yaani kondensa. Silinda ibaki moto daima, kondensa ibaki baridi daima.

Wazo pekee halikutosha. Silinda ilihitaji kuwa mviringo barabara ndani, la sivyo mvuke ungepenya pembeni mwa pistoni. Mashine ya kukerezea ya John Wilkinson ndiyo iliyoleta ufumbuzi. Mwaka 1776 Matthew Boulton, mshirika wa Watt, aliandika kwamba silinda ya Wilkinson yenye kipenyo cha inchi 50, yaani sentimita 127, haikukosea popote hata kwa unene wa shilingi kuukuu. Nafasi ndogo iliyobaki iliziibwa kwa kamba zilizolowekwa shahamu na kuzungushwa kwenye pistoni.

Umuhimu wa kupima

Boulton na Watt hawakuuza mashine tu. Walidai kwa wenye migodi theluthi moja ya thamani ya makaa yaliyookolewa, ikilinganishwa na injini ya kawaida. Ili kulipana, ilibidi kwanza kupima. Kipimo kilichotumika kiliitwa tija: ni ratili ngapi za maji zitanyanyuliwa kwa futi moja kwa kuchoma busheli moja ya makaa. Busheli ya Cornwall ilikuwa na ratili 94, takriban kilo 43.

Hataza ya Watt ilipokwisha mwaka 1800, Boulton na Watt waliondoka Cornwall. Wenye migodi walifurahi kwa kuwa hawakuwa na deni tena. Lakini pamoja na deni, uangalizi wa injini nao ukaondoka. Injini zilizozembewa zikala makaa mengi zaidi. Mwaka 1811 Joel Lean, aliyekuwa msimamizi wa mgodi, alianza kutoa taarifa ya kila mwezi iliyoeleza tija ya kila injini iliyoshiriki, pamoja na jina la mgodi na la fundi wake. Fundi aliyezembea alionekana na wote, na fundi aliyegundua jambo jema aliigwa na wenzake.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Mwaka 1811 wastani wa tija haukufika milioni 20. Kufikia miaka ya 1840 wastani ulizidi milioni 50. Na katika jaribio la mwaka 1835, injini ya William West katika mgodi wa Fowey Consols ilifikia milioni 125.

Takwimu hizi zaweza kugeuzwa kuwa vipimo vya leo. Kunyanyua ratili moja kwa futi moja ni kazi ya jouli 1.36. Kilo moja ya makaa mazuri ina nishati ya jouli milioni 30 hivi; basi busheli moja ina jouli milioni 1,290 hivi. Kwa hiyo:

Injini ya Newcomen, tija milioni 6: jouli milioni 8, yaani asilimia 0.6.
Injini ya Watt, tija milioni 20: jouli milioni 27, yaani asilimia 2.
Injini ya West, tija milioni 125: jouli milioni 170, yaani asilimia 13.

Kwa makaa yale yale, injini ya West ilifanya kazi mara ishirini kuliko ya Newcomen.

Mvuke unaotanuka

Siri kubwa ya ongezeko hilo ilikuwa kuuacha mvuke utanuke. Watt mwenyewe alilijua jambo hili, lakini alitumia mvuke wenye kanieneo ndogo, na faida yake ikawa ndogo. Richard Trevithick, mzaliwa wa Cornwall, alithubutu kutumia mvuke wenye kanieneo kubwa, na mwaka 1812 alijenga katika mgodi wa Wheal Prosper injini iliyounganisha mambo matatu: mvuke wenye nguvu, kutanuka kwa mvuke, na kondensa.

Ili kuielewa faida hiyo, ichukuliwe silinda yenye pistoni ya eneo la mita mraba 1, na mwendo wa mita 3. Mvuke una kanieneo ya kilopaskali 300, karibu mara tatu ya kanieneo ya hewa, na upande wa pili wa pistoni kuna ombwe.

Kwanza, mvuke uingie mwendo wote. Kazi ni 300 × 3, yaani kilojouli 900.

Pili, vali ifungwe pistoni inapofika mita 1. Silinda imepokea theluthi moja tu ya mvuke. Kazi hadi hapo ni kilojouli 300. Lakini pistoni haisimami, kwani mvuke uliofungiwa huendelea kutanuka na kusukuma. Ikikadiriwa kwamba kanieneo hupungua kwa kadiri ujazo unavyoongezeka, vipimo vitakuwa hivi:

Mita 1.0: kilopaskali 300
Mita 1.5: kilopaskali 200
Mita 2.0: kilopaskali 150
Mita 2.5: kilopaskali 120
Mita 3.0: kilopaskali 100

Wastani wa kila hatua ya nusu mita ni 250, 175, 135 na 110. Jumla yake ni 670. Ikizidishwa kwa nusu mita, kazi ya kutanuka ni kilojouli 335. Ukijumlisha na 300 za mwanzo, kazi yote ni kilojouli 635.

Theluthi moja ya mvuke imefanya zaidi ya theluthi mbili za kazi. Katika njia ya kwanza, mvuke ulitupwa ungali na nguvu. Katika njia ya pili, nguvu hiyo ilitumiwa kabla mvuke haujatoka.

Mwaka 1824 Mfaransa Sadi Carnot alieleza kwa nadharia kile ambacho mafundi walikuwa wakikitafuta kwa mikono: kazi iwezayo kupatikana hutegemea tofauti ya halijoto kati ya mahali joto linapoingia na mahali linapotoka. Mvuke wa kilopaskali 300 una nyuzi 134 hivi za Selsiasi. Ikiwa kondensa ina nyuzi 40, hakuna injini iwayo yote iwezayo kugeuza zaidi ya asilimia 23 ya joto hilo kuwa kazi. Kwa kipimo hicho, asilimia 13 ya injini ya Cornwall ni mafanikio makubwa.

Jinsi injini ya Cornwall ilivyofanya kazi

Silinda ilisimama wima. Pistoni iliunganishwa na ncha moja ya boriti, na ncha ya pili, iliyotokeza nje ya jumba, ilishikilia nguzo ndefu za mbao zilizoshuka hadi kina cha mgodi. Silinda ilikuwa na vali tatu, na mzunguko wake ulikuwa huu:

(a) Vali ya kuingizia ilifunguka juu ya pistoni, na vali ya kutolea ilifunguka chini yake, kuelekea kondensa. Mvuke ulisukuma kutoka juu, ombwe likavuta chini. Pistoni ikashuka na nguzo za mgodini zikanyanyuka.

(b) Vali ya kuingizia ilifungwa mapema. Mvuke uliobaki ndani ulitanuka hadi mwisho wa pigo.

(c) Vali ya kutolea ilifungwa, na vali ya tatu, ya usawazishaji, ilifunguka. Mvuke ulipita kutoka juu kwenda chini ya pistoni, kanieneo ikawa sawa pande zote mbili. Hapo nguzo zilishuka kwa uzito wake zenyewe, zikasukuma maji juu.

Basi maji hayakusukumwa na mvuke moja kwa moja. Yalisukumwa na uzito wa nguzo. Uzito huo ulikuwa na faida nyingine. Mvuke unaotanuka husukuma kwa nguvu mwanzoni na kwa udhaifu mwishoni. Kitu kizito kinapopewa mwendo mwanzoni, hakisimami nguvu inapopungua; hivyo nguzo zilisawazisha pigo zima. Katika injini za viwandani kazi hiyo hufanywa na gurudumu zito.

Hali kadhalika, mafundi walizingira silinda kwa koti la mvuke na kuifunika kwa unga wa mbao ili joto lisitoroke. Haba na haba hujaza kibaba: kila uangalizi mdogo ulionekana katika taarifa ya mwezi.

Boila: nguvu iliyofungiwa

Mvuke wenye kanieneo kubwa una hatari yake. Ichukuliwe boila ya mviringo yenye kipenyo cha mita 1.8, ambayo mvuke wake umezidi kanieneo ya hewa kwa kilopaskali 300. Katika kila mita moja ya urefu wake, nguvu inayotaka kuitenga nusu ya juu na nusu ya chini ni 300 × 1.8, yaani kilonyutoni 540. Huo ni uzito wa tani 55 hivi, na unazuiwa na kingo mbili tu za bamba la chuma. Boila za zamani, zenye umbo la gari la kukokotwa na pande bapa, zisingeweza kustahimili nguvu hiyo. Ndiyo maana boila ya Cornwall ilikuwa pipa refu, na moto wake uliwashwa ndani ya bomba lililopita katikati, maji yakiwa yamelizunguka pande zote. Mwaka 1844 William Fairbairn na John Hetherington walipata hataza ya boila yenye mabomba mawili, iliyokuja kuenea katika viwanda vya Lancashire.

Mwaka 1803 boila ya Trevithick ilipasuka huko Greenwich na kuua watu. Baada ya hapo Trevithick aliweka vali mbili za usalama badala ya moja, pamoja na kizibo cha risasi ambacho huyeyuka maji yanapopungua mno, ili mvuke utoke na kuuzima moto. Hata hivyo, boila nyingi ziliendelea kupasuka katika karne hiyo, na mwaka 1854 wenye viwanda wa Manchester waliunda chama cha kukagua boila kabla hazijaleta maafa.

Chuma na kikomo chake

Vyuma vya wakati ule havikuwa vya namna moja. Chuma cha kusubu humiminwa katika kalibu na kupata umbo lolote. Hustahimili sana kugandamizwa, lakini ni dhaifu kinapovutwa, na kikivunjika huvunjika ghafula. Chuma cha kufua hustahimili kuvutwa, na hupinda kabla ya kukatika. Silinda na boriti zilisubiwa. Mabamba ya boila yalifuliwa na kuunganishwa kwa ribiti.

Sasa itazamwe boriti. Katikati imeegemea ukuta. Pistoni inavuta ncha moja chini, nguzo zinavuta ncha ya pili chini. Kwa hiyo upande wake wa juu unavutwa, na upande wa chini unagandamizwa. Upande wa juu ndio ulio hatarini.

Tarehe 16 Januari 1862, katika mgodi wa makaa wa Hartley huko Northumberland, boriti ya injini ya kuvutia maji ilikatika katikati. Ilikuwa ya chuma cha kusubu, na uzito wake ulikuwa tani 42. Nusu yake ilitumbukia katika shimo la mgodi, ikabomoa kuta na kuliziba shimo kwa kifusi. Mgodi ule ulikuwa na shimo moja tu. Waokoaji walichimba kwa siku kadhaa, lakini walipowafikia waliokuwa chini waliwakuta wamekwisha kufa kwa hewa ya sumu. Jumla ya wanaume na wavulana 204 walipoteza maisha yao. Mwaka huo huo sheria ilipitishwa Uingereza kwamba kila mgodi wa makaa uwe na njia mbili za kutokea.

Msiba huo wafundisha kwamba ubunifu wa mtambo hauishii kwenye mtambo. Boriti ile ilining'inia juu ya njia pekee ya watu kutokea. Mhandisi hana budi kuuliza si tu kama chuma kitavunjika, bali pia kitaangukia wapi kikivunjika.

Kutoka migodini hadi viwandani

Maarifa ya Cornwall yalisafiri. Nchini Uholanzi, ziwa la Haarlem lilikaushwa kati ya 1849 na 1852 kwa injini tatu za namna hiyo. Mojawapo, iitwayo Cruquius, ina silinda ya inchi 144, yaani mita 3.66, na boriti nane. Mpaka leo imehifadhiwa kama makumbusho.

Nchini Marekani, George Corliss alipata hataza mwaka 1849 kwa injini ya viwanda. Kiwanda cha nguo kinahitaji mwendo usiobadilika, ama sivyo nyuzi hukatika. Injini za kawaida zilipunguza mwendo kwa kulikaba bomba la mvuke, na kukaba huko kulipoteza kanieneo bure. Katika injini ya Corliss, kirekebisha mwendo chenye mipira miwili izungukayo kiliamua ni wakati gani vali ya kuingizia ifungwe. Mzigo ulipopungua, vali ilifungwa mapema zaidi, na mvuke ukapewa nafasi zaidi ya kutanuka. Hivyo kifaa cha kutawala mwendo kikawa pia kifaa cha kuokoa makaa. Katika maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876, injini moja ya Corliss yenye nguvu za farasi 1,400 iliendesha mitambo ya jumba zima la mashine.

Mwaka 1884 Charles Parsons alitengeneza tabo ya mvuke, ambamo mvuke huzungusha vipande vya chuma badala ya kusukuma pistoni, na injini za boriti zikaanza kuondoka polepole. Kanuni zake hazikuondoka. Katika vituo vya jotoardhi vya Olkaria nchini Kenya, ambako umeme ulianza kuzalishwa mwaka 1981, mvuke utokao ardhini hutanuka ndani ya tabo, kisha hupozwa katika kondensa. Kutanuka na kupozwa: mambo hayo mawili ndiyo yaliyoshughulisha mafundi wa Cornwall.

Kwa ufupi, injini ya Cornwall haikuzaliwa kwa wingi wa mali. Ilizaliwa mahali ambapo upotevu uliumiza, na ambapo watu walikubali upotevu huo upimwe na kutangazwa mbele ya wote.

Jaribio la darasani

Jaribio hili lifanywe mbele ya mwalimu. Tia vijiko viwili vya maji katika kopo tupu la soda la alumini, ukiliacha wazi. Lichemshe mpaka mvuke utoke kwa wingi kwa muda wa dakika moja. Kwa kutumia koleo, lipindue haraka ndani ya beseni la maji baridi, mdomo ukiwa chini. Kopo litabonyea mara moja. Aliyelibonyeza ni nani: maji, mvuke au hewa? Jibu lake ndilo lililoendesha injini ya Newcomen. Angalizo: kopo lisizibwe kamwe likiwa motoni.

Maswali

1. Katika mfano wa silinda ya mita 3, vali ikifungwa pistoni inapofika mita 1.5, kadiria kazi yote itakayofanywa. Linganisha na mvuke uliotumika.
2. Injini ina tija ya milioni 60. Ni asilimia ngapi ya nishati ya makaa iliyogeuzwa kuwa kazi?
3. Boriti ya daraja imeegemea kuta mbili kwenye ncha zake, na mzigo uko katikati. Ni upande upi unaovutwa? Kwa nini jibu linatofautiana na lile la boriti ya injini?